Kukadiria kasi ya rola kosta kwa kimo chake

Rola kosta ni treni ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli. Anza na kimo cha mteremko wenyewe: kutoka kileleni hadi pale reli inapoanza kupanda tena. Wengi hukosea hapa, huchukua urefu wa mnara kutoka ardhini, ilhali reli ya chini mara nyingi imeinuliwa. Zidisha mita hizo kwa 19.62 (yaani 9.81 mara mbili), tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa.

Millennium Force, rola kosta ya bustani ya burudani ya Cedar Point, Ohio, Marekani, hushuka mita 91. Zidisha: 1,785. Kipeuo: 42.25. Kasi: 152. Yenyewe hufikia karibu 150. Kilichopungua kimeliwa na msuguano na upepo.

Uzito wa abiria usiuingize, hujifuta kwenye hesabu. Na kimo kikiwa maradufu, kasi huongezeka mara 1.41 tu.

Kwa treni inayorushwa kwa mashine ili ipande mnara, geuza hesabu upate kimo ambacho kasi hiyo ingeweza kuifikisha. Kingda Ka, rola kosta ya New Jersey, Marekani, ilirushwa kwa kilomita 206 kwa saa: gawanya kwa 3.6, zidisha jibu kwa lenyewe, gawanya kwa 19.62. Unapata mita 167, na mnara ulikuwa 139. Akiba ya mita 28 ilihitajika kweli: hata hivyo, mara nyingine treni ilishindwa kuvuka kilele ikarudi kinyumenyume.