Pumzi Inapopungua Baada ya Polio: Anza na Usiku

Mtu aliyeugua polio utotoni akianza kuishiwa pumzi miaka 30 au 40 baadaye, wa kwanza kulaumiwa huwa moyo, kisha pumu, kisha uzee. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia ya kifua, na swali langu la kwanza ni moja: unalalaje?

Hatua ya 1: Andika habari za usiku wako. Katika usingizi wa ndoto misuli ya mbavu hulegea, kazi yote ikabaki kwa kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kama polio ilikigusa, hewa inayoingia na kutoka haitoshi, na kabonidayoksaidi, ile hewa chafu tunayoitoa, hujilimbikiza. Kwa wiki mbili andika: umeamka kichwa kinauma? Umeota unakabwa? Mito ya kulalia imeongezeka? Mchana unasinzia hata mbele ya wageni? Anayelala karibu nawe aulizwe pia, maana wewe hukujiona.

Hatua ya 2: Omba vipimo vinavyogusa misuli. Ujazo wa pumzi upimwe umekaa, kisha umelala chali. Ukishuka kwa zaidi ya asilimia 25 unapolala, kiwambo kinashukiwa. Nguvu ya kikohozi nayo ipimwe. Ikiwa chini ya lita 270 kwa dakika, mafua ya kawaida yanaweza kukuangusha. Kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kikisoma vizuri mchana kisikutulize: omba upimwe usiku kucha, pamoja na kabonidayoksaidi.

Hatua ya 3: Usikimbilie mtungi wa oksijeni. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mara nyingi mapafu yenyewe ni mazima. Kilichochoka ni mvukuto unaoyajaza, yaani misuli ya kupumua. Oksijeni peke yake hupendezesha namba ya kidoleni huku kabonidayoksaidi ikiendelea kupanda, hadi mgonjwa anazama usingizini. Somo hili ni la zamani. Mwaka 1952, polio ilipoishambulia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, daktari Bjørn Ibsen alitambua kwamba wagonjwa walikuwa wanakufa kwa kukosa kupumuliwa vya kutosha. Wanafunzi wa udaktari wakakaa kwa zamu, mchana na usiku, wakibana mifuko ya hewa kwa mikono.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mashine ndogo ya presha mbili: kubwa unapovuta pumzi, ndogo unapoitoa. Ile ya presha moja, wanayopewa wanaokoroma na kuziba koo, haiusaidii mvukuto uliochoka. Nimonia ikikupata unaweza kweli kuhitaji oksijeni. Basi itolewe pamoja na mashine, na damu ipimwe.

Hatua ya 4: Izoee barakoa ya mashine ukiwa macho. Anza na dakika 15 mchana, umekaa, unasikiliza redio. Kisha usingizi mfupi wa mchana, kisha usiku. Hewa ikivujia machoni, usikaze mikanda, badilisha saizi. Nimeona vidonda vya pua vilivyomfanya mtu aikatae mashine miezi mizima, kisa ni mikanda tu.

Hatua ya 5: Jifunze kukohoa upya. Vuta pumzi, ifungie kooni, ongeza nyingine juu yake, na nyingine tena, bila kutoa. Kifua kikijaa, kohoa huku msaidizi akisukuma tumbo kwa haraka, chini kidogo ya mbavu, kuelekea juu. Usifanye baada ya kula. Kama pafu lako limewahi kupasuka, usijaribu bila daktari. Mara ya kwanza fundishwa na mtaalamu ana kwa ana. Maandishi hayaonyeshi mkono unawekwa wapi.

Hatua ya 6: Beba kadi. Iandike: nina udhaifu wa misuli ya kupumua, tahadhari na dawa za usingizi, mofini na nusukaputi, oksijeni isitolewe bila kupima kabonidayoksaidi. Chanjo za mafua na za nimonia zipate kwa wakati.

Ukichanganyikiwa, midomo ikibadilika rangi, au ukisinzia kiasi cha kutoamshika kirahisi, wenzako wakupeleke hospitali mara moja. Na mashine yako waibebe.