Je, Csound, SuperCollider na Pure Data zina sauti zake? Pima mwenyewe

Csound, SuperCollider na Pure Data ni programu za kutengenezea sauti na muziki kwa kompyuta, na ubishi juu yake haufi: eti Csound ni kavu, SuperCollider inang'aa, Pure Data inakwaruza. Uzuri wake ni kwamba unaweza kupimwa. Mimi hutumia zote tatu katika kazi, na msimamo wangu ni huu: injini ya programu haina rangi yake. Rangi inatoka kwenye vijenzi (vipande vya programu vinavyotoa au kubadilisha sauti) vilivyokuja tayari pamoja na programu, na kwenye mipangilio unayoikuta kabla hujagusa kitu. Usikubali hivi hivi kwa sababu nimesema. Sakinisha programu hizo tatu pamoja na Audacity, programu ya kuhariri sauti; zote ni za bure. Kisha tufuatane.

Hatua ya 1: Sawazisha mazingira

Kila programu irekodi sampuli (vipimo vya wimbi) 44100 kwa sekunde, chaneli moja, faili la biti 32 la namba za desimali (32-bit float). Ukubwa wa wimbi uwe 0.5 kote. Kwenye Csound andika `0dbfs = 1` juu ya okestra yako (sehemu ya msimbo inayoeleza ala); usipoandika, huenda ikahesabu kilele kuwa 32768, na 0.5 yako itakuwa karibu na ukimya. Usiipuuze hatua hii. Sauti iliyozidi nyingine hata kidogo tu kwa nguvu, sikio huiita nzuri zaidi, na mabishano mengi ninayoyasikia yanaishia hapo.

Hatua ya 2: Toa wimbi la saini (sine) la 441 Hz

Tumia `poscil` kwenye Csound, `SinOsc` kwenye SuperCollider, `osc~` kwenye Pure Data. Rekodi sekunde moja. Nimechagua 441 badala ya 440 kwa makusudi: 44100 ukigawa kwa 441 unapata 100, kwa hiyo kila mzunguko ni sampuli 100 kamili na kulinganisha mianzo kunakuwa rahisi.

Utaona `osc~` inaanzia kileleni huku nyingine mbili zikianzia sifuri. Hiyo ni tofauti ya robo ya mzunguko, sampuli 25. Kata mwanzo wa faili hadi mawimbi yote yaanzie pamoja.

Hatua ya 3: Geuza moja, kisha jumlisha

Weka faili mbili kwenye Audacity, geuza moja juu chini, halafu zichanganye. Zikiwa sawa, zinafutana. Kitakachobaki ni kidogo mno kusikika. Mabaki yakiongezeka polepole kuelekea mwisho wa sekunde, usishtuke: masafa yametofautiana kwa sehemu ndogo sana ya Hz, na hilo halihusu rangi ya sauti.

Sasa rudi Csound, tengeneza jedwali la nukta 512, yaani mzunguko mmoja wa wimbi la saini uliohifadhiwa kama namba 512, na ulisome kwa `oscil`. Kijenzi hiki huchukua nukta iliyopo bila kukadiria kilichopo kati yake na inayofuata, na kosa lake linaweza kufika desibeli 38 tu chini ya kilele cha wimbi. Badilisha iwe `oscili`, ambayo hukadiria kwa mstari ulionyooka, na kosa linashuka hadi kama desibeli 94 chini. Csound iliandikwa na Barry Vercoe huko MIT katikati ya miaka ya 1980, kutoka ukoo wa programu ulioanzishwa na Max Mathews wa Bell Labs mwaka 1957, enzi ambazo kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali na kila hesabu ilipimwa. Mkwaruzo wa jedwali fupi ni alama ya enzi hizo, na unaweza kuutengeneza au kuuondoa katika programu yoyote.

Hatua ya 4: Wimbi la msumeno (sawtooth)

Hapa ndipo penye kiini cha ubishi wote, kwa hiyo chukua muda. Toa msumeno wa 5000 Hz kwa njia nne: `phasor~` ya Pure Data (zidisha kwa 2, toa 1), `LFSaw` na `Saw` za SuperCollider, na `vco2` ya Csound. Kisha tazama mchoro wa masafa wa kila faili.

Kwa sampuli 44100, hakuna masafa yanayoweza kuhifadhiwa juu ya 22050 Hz. Wimbi la msumeno lina hamoniki, yaani masafa yaliyo mara 2, 3, 4 na kuendelea ya noti yenyewe, na hamoniki ya 5 ya msumeno wetu ni 25000 Hz. Haiwezi kukaa huko, hivyo inarudi chini na kutokea kwenye 19100. Ya 8, yaani 40000, inatua kwenye 4100. Ya 9 inatua kwenye 900, chini kabisa ya noti yenyewe, ikiwa na moja ya tisa ya ukubwa wa hamoniki ya kwanza: desibeli 19 tu chini yake. Hiyo inasikika waziwazi. Pandisha noti hadi 5100 na ile ya 4100 itashuka hadi 3300, kinyume na muziki unakoelekea.

Utayakuta masafa haya bandia kwenye `phasor~` na `LFSaw`. Kwenye `Saw` na `vco2`, ambazo zimeundwa kuyazuia, hutayaona hivyo. Zingatia kwamba `LFSaw` na `Saw` ni za programu moja! Anayesema Pure Data inakwaruza mara nyingi amesikia `phasor~` iliyopelekwa moja kwa moja kwenye spika, ingawa kijenzi hicho kinafaa zaidi kusomea majedwali.

Hatua ya 5: Vichujio

`lop~` ya Pure Data na `tone` ya Csound hupunguza desibeli 6 kwa oktavu. `LPF` ya SuperCollider na `butterlp` ya Csound hupunguza 12. Linganisha vya daraja moja. Angalia pia vipimo: Q ni kipimo cha ukali wa kichujio, na `RLPF` ya SuperCollider hutaka 1 gawanya kwa Q, hivyo 0.1 kwake ni 10 kwa `vcf~` ya Pure Data.

Hatua ya 6: Muda

Toa vipande 200 vifupi vya sauti kwa sekunde, kimoja kila milisekunde 5, sawa na sampuli 220.5. Pure Data na SuperCollider hufanya kazi kwa mafungu ya sampuli 64, na usipochukua tahadhari kila kipande husubiri fungu lianze. Nafasi kati ya vipande inakuwa mara sampuli 192, mara sampuli 256, na mlio unaparuza. Kwenye Pure Data tumia `vline~` badala ya `line~`, na kwenye SuperCollider `OffsetOut` badala ya `Out` kwa vipande vilivyopangiwa muda. Sikiliza kabla na baada. Binafsi naona tofauti hii inasikika kuliko yoyote inayodaiwa kuhusu ubora wa injini.

Hatua ya 7: Sikiliza bila kujua

Chukua sauti uliyoipenda katika programu moja, ijenge upya katika nyingine ukizingatia hatua zote hizi, kisha mtu akuchezee mara 16 bila kukuambia ni ipi. Ukibahatisha tu, uwezekano wa kupata 12 au zaidi ni chini ya asilimia 4. Ukizifikia, rudi hatua ya 4 hadi ya 6 ukatafute kijenzi ambacho hukukilinganisha.