CMake imekataa jina la targeti yako? Fanya hivi

Juzi usiku kuna dogo kanitumia skrinshoti, CMake (zana inayoandaa ujenzi wa miradi ya C++) imemgomea, eror inasema targeti (kitu cha kujengwa, kama programu au laibrari) "test" ni reserved, yaani jina limeshatengwa, kaikagua CMakeLists.txt yake, ile faili ya maelekezo ya CMake, mistari sita yote haoni kosa. C++ yake ilikuwa safi kabisa, tatizo ni jina, na alikuwa ameweka include(CTest) ambayo inawasha mambo ya majaribio kimyakimya.

Elewa kwanza kinachotokea. CMake haijengi yenyewe, inakuandikia faili za zana zinazojenga kweli, yaani Make au Ninja au Visual Studio, na humo inaweka targeti zake: all, clean, help, rebuild_cache, ukiwasha majaribio inaongezeka test, ndo ile unayoita kwa make test. Sasa na wewe ukileta programu inaitwa test, Make ijenge programu au iendeshe majaribio? Tangu toleo la 3.0 la 2014 kuna sera ya CMP0037 inayozuia hilo, zamani ungeiweka OLD (tabia ya zamani) ukapita ila CMake 4.0 imeufunga huo mlango, kwa hiyo ukikuta mtu anakushauri hivyo achana nae.

Hatua ya 1: badilisha jina la targeti, sio la faili. Hapa ndo wengi wanachanganya, hivi ni vitu viwili tofauti. Tuseme mradi wako unaitwa duka, OUTPUT_NAME ndo jina la faili linalotoka:

add_executable(duka_test main.cpp)
set_target_properties(duka_test PROPERTIES OUTPUT_NAME test)

Ukitumia Make, binari (faili ya programu iliyojengwa) inatoka na jina test kama ulivyotaka. Ila kwenye Linux usiandike test peke yake, sheli ina amri yake ya jina hilohilo na haitoi neno lolote, utakesha ukidhani programu yako imekufa. Andika ./test.

Hatua ya 2: laibrari na programu zenye jina moja. Dawa ni ileile, laibrari iite duka_lib halafu OUTPUT_NAME iwe duka. Linux utapata libduka.a na duka, hazigongani. Windows ukitumia MSVC (kompaila ya Microsoft) na laibrari ikawa DLL (ya kupakiwa programu ikiendeshwa), zote mbili zitagombania duka.pdb, faili ya taarifa za kutafutia makosa, basi moja ipe PDB_NAME yake.

Hatua ya 3: weka kiambishi kila mahali. Jina la targeti ni la mradi mzima hata kama folda ni tofauti, ukivuta miradi miwili ya watu kwa FetchContent (amri za CMake za kupakua miradi mingine) na kila mmoja una targeti utils, umekwama. Mimi kila targeti naianza na jina la mradi, natumia herufi, namba na _ basi, nafasi na mkwaju hazikubaliki. Halafu naongeza lakabu (ALIAS), yaani jina la pili la targeti ileile:

add_library(duka::hesabu ALIAS duka_hesabu)
target_link_libraries(duka_app PRIVATE duka::hesabu)

Hii naipenda sana na nakusihi uizoee. Ukikosea ukaandika duka_hesbu, CMake inadhani ni laibrari ya mfumo, inampelekea linka (zana inayounganisha vipande mwishoni) -lduka_hesbu, umekompaili kila kitu ndo unagundua mwishoni. Ukikosea kwenye jina lenye :: inakukatalia palepale kabla hata faili moja haijakompailiwa.

Na kama unatumia Make au Ninja ukataka kuona majina yaliyoshachukuliwa kwenye mradi wako:

cmake --build build --target help