Kabla Daraja Halijaanguka: Maandalizi ya Siku ya Kujenga na Kujaribu Maktabani

Mara ya kwanza nilipoendesha zoezi la madaraja ya karatasi kwenye sehemu ya watoto ya maktaba yetu, nilitenga saa mbili. Watoto wakajenga kwa saa moja na dakika arobaini. Zikabaki dakika ishirini za kupima, nikawapanga foleni: kundi linaleta daraja mezani, tunaweka uzito, linaanguka, anayefuata. Waliobeba mzigo mkubwa kuliko wote wakapigiwa makofi. Wengine waliondoka na karatasi zilizokunjamana mkononi, na msichana mmoja wa kama miaka minane alilitupa lake kwenye pipa la mlangoni bila kugeuka nyuma. Alichojua ni kwamba ameshindwa, basi. Hakujua daraja lilianza kupinda wapi, wala hakupata nafasi ya kulijenga tena.

Tangu siku ile napanga zoezi hili kwa kuanzia mwisho wake. Ninayoandika hapa ni kwa mkutubi, mwalimu au mzazi anayetaka kulifanya, na karibu yote ni ya kuandaa kabla mtoto wa kwanza hajaingia.

Anza na saa. Ukiwa na saa mbili, zigawe hivi: dakika 10 za kueleza, 25 za kujenga, 15 za kupima, 15 za kutazama na kufikiri, 30 za kujenga upya, 15 za kupima tena, na 10 za kuzungumza. Angalia kwamba kujenga kwa mara ya pili kumepewa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Watu wengi hushangaa, lakini ndivyo inavyotakiwa. Daraja la kwanza mtoto hulijenga kwa kubahatisha. La pili analijenga akiwa na sababu, na sababu huchukua muda. Kama umepewa saa moja tu, punguza ukubwa wa kazi, usifute mzunguko wa pili.

Kisha kaa nyumbani ujenge mwenyewe. Chukua karatasi moja ya A4, ilaze juu ya maboksi mawili yaliyoachana sentimita 20. Karatasi ile ina urefu wa karibu sentimita 30, kwa hiyo kila upande zinabaki sentimita kama 5 za kukalia ukingo. Ukiyatenganisha hadi 27, karatasi itateleza na kudondoka kabla haijapinda, na watoto watakuwa wanapima utelezi badala ya uimara. Karatasi bapa itanyong'onyea kwa uzito wake yenyewe. Ikunje migongo kama bati, utaona inabeba kikombe chenye mzigo. Ongeza mzigo taratibu na uitazame kwa makini inavyoshindwa: mara nyingi haikatiki katikati. Ile migongo inafunguka, inatanuka pembeni, na karatasi inarudi kuwa bapa. Ukiwa umeliona hilo kwa macho yako, utajua cha kuwauliza watoto. Usipoliona, utabaki kusema "jitahidini tena", maneno ambayo hayamsaidii mtoto yeyote.

Sasa kipimo, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji awe mkali. Jaribio lisilo sawa kwa wote haliwezi kumwambia mtoto kama mabadiliko yake yamefaa. Mimi hutumia vizibo vya soda. Muuza duka akikuwekea vya wiki moja au mbili unakuwa navyo mamia, havina gharama, na vinalingana vya kutosha kuhesabiwa kama uzito mmoja mmoja. Vioshe, vikaushe, vifunge kwenye mifuko ya hamsini hamsini. Tafuta kikombe kimoja cha plastiki kitakachotumiwa na makundi yote. Weka alama ya kalamu katikati ya kila daraja ili kikombe kikae pale pale. Amueni kabla: kizibo kinawekwa kimoja kimoja, hakidondoshwi, na baada ya kila vizibo vitano mnahesabu hadi kumi kwa sauti. Amueni pia neno "limeanguka" lina maana gani. Je, ni pale linapogusa meza, au pale kikombe kinapopinduka? Usipolimaliza hili mapema, nusu ya muda wa kupima utaisha kwa ubishi, na ubishi wenyewe utakuwa wa haki kabisa.

Wengine hupenda kutumia maji kwa sababu mililita moja ina gramu moja na hesabu inakuwa nyepesi. Maji na vitabu havikai chumba kimoja. Ukitaka zoezi la maji, kama la kupima mashua za karatasi kwenye beseni, tokeni nje.

Kuhusu vifaa sina mengi. Karatasi zilizochapwa upande mmoja kutoka ofisini zinatosha, pamoja na mikasi, rula, penseli na gundi ya unga wa ngano iliyopikwa asubuhi. Ila gawa vyote mafungu mawili na ufungie fungu la pili kabatini. Watoto wakiona rundo la karatasi watalimaliza kwenye daraja la kwanza, hilo nakuhakikishia, na la pili litajengwa kwa mabaki. Halafu kuna hesabu moja wanayoipenda: karatasi 16 za A4 zinafanya mita moja ya mraba, na kama pakiti imeandikwa gramu 80, yaani kwa kila mita ya mraba, maana yake karatasi moja ina gramu 5. Daraja la karatasi moja likibeba nusu kilo, limebeba mara mia ya uzito wake. Waambie hilo baada ya mzunguko wa kwanza, wakiwa na daraja lililoanguka mbele yao.

Linalonigusa zaidi ni vitabu. Zoezi hili linaweza kufanyika shuleni au barazani, kwa hiyo lazima tujiulize kwa nini tunalileta maktabani. Zamani nilikuwa napanga vitabu vya madaraja mezani tangu asubuhi, na watoto waliviweka kando ili wapate nafasi ya kukatia karatasi. Siku hizi naviandaa kwenye kitoroli, nakifunika kwa kitambaa, na nakisukuma mezani baada ya jaribio la kwanza. Hapo mtoto ana swali lake mwenyewe, na anafungua kurasa kama anayetafuta kitu chake kilichopotea. Katika mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba, uhandisi wa ujenzi uko 624, na madaraja yenyewe 624.2, mwonyeshe mtoto namba hiyo, mpeleke hadi kwenye rafu. Weka na picha ya Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, lenye urefu wa mita 680. Watoto wa Dar es Salaam wamelipita mara nyingi, ila wachache wamewahi kuulizwa zile kamba zilizoshuka kutoka kwenye minara zinafanya kazi gani. Kitabu cha ndege nacho kinafaa. Orville na Wilbur Wright walipoona mwaka 1901 kwamba ndege yao isiyo na injini hainyanyuki walivyotarajia, walirudi kwenye karakana yao ya baiskeli huko Dayton, Marekani, wakatengeneza sanduku la mbao la kupitisha upepo na kupima ndani yake maumbo madogo ya mabawa yapatayo 200. Ndege yao yenye injini ilipaa tarehe 17 Desemba 1903, kwa sekunde 12.

Siku moja kundi la wavulana wawili na dada yao mdogo lilikuwa na daraja la migongo lililoanguka kwa vizibo 62. Mkubwa alikuwa ameshalishika alifinyange. Nikamwomba aliache hapo hapo lilipo, nikauliza, "Limeanza kupinda wapi?" Akasema katikati. Yule mdogo akainama hadi jicho likawa usawa wa meza. "Hapana, huku pembeni. Limejifungua." Wakatazamana. Nikawauliza bati la nyumbani kwao linashikwa na nini lisijifungue. Kimya kidogo, kisha mkubwa akasema, "Limepigiliwa kwenye papi, zile mbao za paa." Hakuna aliyewaambia la kufanya baada ya hapo. Walikata vipande vitatu vyembamba vya karatasi, wakavibandika chini kukatiza migongo, wakasubiri gundi ikauke huku wakipuliza kwa zamu. Daraja la pili lilibeba vizibo vyote tulivyokuwa navyo mezani.

Hiyo inanifikisha kwa watu wazima. Ukialika wazazi au wanachuo wa kujitolea, zungumza nao nusu saa kabla, tena bila haya. Mtu mzima akiona daraja linayumba, mkono wake unakwenda wenyewe kulinyoosha, na kuanzia hapo daraja ni lake. Mimi huwaomba wafunge mikono nyuma na kutumia maswali matatu tu: limeanza kupinda wapi, ulidhani litafanya nini, na utabadilisha kitu gani kimoja? Neno "kimoja" lisisitizwe. Mtoto akibadilisha mikunjo, akaongeza karatasi na kusogeza nguzo kwa mara moja, hata likibeba mara mbili hatajua ni lipi lililosaidia. Sifa nazo ziwe za jambo lililofanyika: "umeona lilipojifungua" ni bora kuliko "hongera, wewe ni mhandisi".

Andaa pia karatasi ya kumbukumbu kwa kila kundi, yenye nafasi ya kuchora daraja na mistari michache: tulidhani vizibo vingapi, lilibeba vingapi, lilianzia wapi kuharibika, tunabadilisha nini. Wasiojua kuandika wachore kwa penseli na kuweka duara pale palipopinda. Wanaojua kukokotoa wastani wajenge madaraja matatu yanayofanana na kuyapima yote, kwa kuwa karatasi iliyokwishapinda haiwezi kupimwa tena kwa haki.

Mahali: mbali na chumba cha kusomea. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaojiandaa na mtihani wana haki ya ukimya wao, hivyo bandika tangazo siku chache kabla na mwambie msimamizi wa zamu. Ufagio na magazeti ya kutandika mezani viwe tayari. Mikasi ihesabiwe ikitoka na ikirudi.

Na tafuta boksi kubwa. Madaraja yaliyoanguka hayaendi kwenye pipa. Yanaingia humo pamoja na karatasi zake za kumbukumbu, jina la kundi likiwa limeandikwa juu. Liweke kwenye rafu ya chini ambako mtoto wa miaka minane anafikia mwenyewe. Jumamosi inayofuata wapo watakaoingia na kuelekea moja kwa moja pale, hata salamu watakuwa wameisahau, wakitaka kujua kama lao bado lipo na kama kuna karatasi zilizobaki.