Somo: Kupiga "Ich ruf zu dir" ya Bach (BWV 639) kwenye kinanda chenye pedali

Wakuu, nimechoka kujibu hili inboksi, naliandika mara moja. Ni kipande kifupi cha mtunzi Bach, wa enzi alizofanya kazi mjini Weimar, Ujerumani, kimo kwenye Orgelbüchlein, kitabu chake cha vipande vifupi vya kinanda. Alipanga nyimbo 164 humo, akamaliza 46, na hiki ndicho pekee chenye sauti tatu tu: mkono wa kulia, wa kushoto na miguu. Basi kila mtu anadhani ni rahisi.

1. Tumia manuali mbili (safu za vibonyezo vya mikono). Kushoto stopu (kivuta cha kuchagua aina ya sauti) laini ya futi 8, yaani ya kimo cha kawaida, kulia yenye kusikika zaidi.

2. Kulia: imba wimbo wenyewe kwanza, bila mapambo. Unapovuta pumzi, mkono nao unyanyuke.

3. Kushoto: nota nne kila pigo, zimeungana. Andika vidole kwa penseli, usivibadilishe.

4. Miguu. Besi ni nota mbili kila pigo, na mara nyingi ni ileile inarudiwa. Hapa ndipo nilipoaibika. Nilizoea kuunganisha kila kitu, na siku nilipokipiga wakati wa sadaka besi ikawa mvumo mmoja kama friji ya zamani. Nikajirekebisha kwa kunyanyua mguu juu. Jumapili iliyofuata kila pedali ikawa inagonga kama mtu anatwanga kisamvu, hadi mzee wa kanisa akaja kuchungulia kimevunjika nini. Dawa: ncha ya kiatu isiachane na pedali. Legeza kifundo tu, pedali ipande yenyewe, bonyeza tena. Kanisa likiwa na mwangwi, ongeza nafasi kati ya nota. Piga besi peke yake siku tatu, kisha besi na kushoto. USIANZE na mikono ukidhani miguu itafuata. Haifuati.

5. Unganisha zote, polepole.

MASWALI

Tenor_Mbishi: Mkuu, naomba solfa yake.
— Sina. Jifunze nota.

Tenor_Mbishi: Mbona ukali? Mimi nimekipiga siku moja tu na kimekaa.
— Na miguu?

Tenor_Mbishi: Bado miguu.
— Soma namba 4.

Binti wa Kwaya: Shikamoo kaka. Zile alama za mtetemo (trill) kulia, naanzia nota ipi?
— Marahaba dada. Anzia nota ya juu yake, ushuke. Mwaka 1720 Bach alimwandikia mwanawe Wilhelm Friedemann jedwali la mapambo, na mtetemo ameuandika hivyo. Usiharakishe, nota ya kwanza ndiyo inayouma, ikalie kidogo.

Binti wa Kwaya: Asante. Na kwa nini kushoto kunakimbia ilhali wimbo ni wa huzuni?
— Swali zuri! Maneno ni ya mtu anayemlilia Bwana Yesu asikate tamaa. Jaribu hivi: shika nota nne za kila pigo kwa pamoja kama kodi (chord) moja, uzisikilize zinavyobadilika. Ukirudi kuzipiga moja moja hutaziharakisha tena.

Mdau wa Piano: Sina pedali, niache?
— Usiache. Busoni, mpiga piano na mtunzi wa Italia, alikiandika upya kwa ajili ya piano. Au mkalishe mwenzako upande wa kushoto apige besi.

Mdau wa Piano: Viatu je, kwa wenye pedali?
— Soli nyembamba ya ngozi, kisigino kidogo. Raba zinanata. Mimi nilipata vya mtumba, vya harusi ya mtu.