Somo: Kuruka na ndege ya maboya kutoka ziwani

Somo hili ni la wanaojifunza kurusha ndege ndogo zinazoelea juu ya maboya (vyelezo virefu vilivyofungwa chini yake badala ya magurudumu), kama Cessna 185 na Beaver, ambazo huko Alaska na Kanada ndizo usafiri wa watu wasio na barabara. Ninalolisisitiza ni hili: ajali ya kupaa huanza kupikwa ndege ikiwa bado imefungwa gatini.

Hatua ya 1: Toa maji ndani ya maboya. Kila boya lina vyumba kadhaa visivyopitishiana maji, na kila chumba kina tundu la pampu. Pampu vyote, kimoja baada ya kingine, hata kama jana vilikuwa vikavu. Lita 50 zilizojificha humo ni kilo 50 ambazo hukuziandika popote, na zikikusanyika nyuma huvuta mkia chini.

Hatua ya 2: Pima mizigo kwa mizani. Nyama ya mawindo iliyolowa, mapipa ya mafuta, mabegi ya wavuvi: jicho hudanganya kila siku.

Hatua ya 3: Lisome ziwa. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Uwanja wa ndege una urefu unaojulikana, ila ziwa halina kibao. Tazama magogo yaliyozama nusu, mawimbi ya boti, na miti ya ng'ambo. Upepo ukivuka kilima na kushukia ziwani, hewa hukusukuma chini wakati ule ule unaohitaji kupanda. Kisha chagua alama ufukweni, mwamba au gati, na useme kwa sauti: "Nikifika pale maboya hayajaachana na maji, nakata nguvu." Amua kabla ya kuondoka. Ndege ikishaanza kunguruma, kila rubani huamini kwamba mita chache zaidi zitatosha.

Hatua ya 4: Pandisha usukani wa majini (bapa dogo nyuma ya maboya linalogeuza ndege ikiwa majini), vuta usukani wa mkononi hadi mwisho, fungua nguvu yote ya injini. Pua itainuka na ndege italima maji; ukinzani wa maji huwa mkubwa kuliko wote katika kipindi hiki. Pua ikianza kushuka, legeza mkono taratibu mpaka maboya yateleze juu ya maji. Ikikataa kufika hapo, usiibembeleze. Rudi gatini, upunguze mzigo.

Hatua ya 5: Ndege ikianza kuchezacheza, pua juu, pua chini, vuta usukani kidogo. Isipotulia upesi, punguza nguvu yote na ushikilie usukani nyuma. Ukiiacha, kila mruko utazidi uliopita mpaka ndege ichome pua majini.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Maji yaliyotulia kama kioo si ndiyo mazuri zaidi?

Jibu: Marahaba. Ndiyo yanayohadaa. Maji tulivu hung'ang'ania maboya, na kwa kawaida utulivu huo maana yake hakuna upepo wa kukusaidia. Siku ya joto kwenye ziwa la mlimani, hewa nyepesi huzidisha tatizo. Marubani huzunguka kwanza ili kutibua maji, au huinua boya moja kidogo kabla ya jingine. Ukishaachana na maji, endelea kupanda, kwa sababu juu ya kioo macho hayapimi kimo.

Swali: Mimi ni abiria tu. Ikipinduka nifanye nini?

Jibu: Vaa jaketi la kuokolea maisha tangu gatini, lakini usilijaze hewa ukiwa ndani, litakubana kwenye dari. Kabla ya kuondoka, gusa kitasa cha mlango na ukariri kiko upande gani wa goti lako. Ikipinduka, subiri msukosuko utulie, shika kitasa kwa mkono mmoja, ndipo ufungue mkanda kwa mwingine. Ukifungua mkanda kwanza utaelea gizani bila kujua juu ni wapi. Novemba 2009, Beaver iliyokuwa imetoka kupaa kwenye ghuba ya kisiwa cha Saturna, British Columbia, ilianguka majini ikiwa na watu 8. Sita walikufa maji ndani ya ndege. Wachunguzi wa Kanada walitaka milango na madirisha yafunguke kwa urahisi na abiria wavae majaketi, na 2019 kanuni ya kuyavaa ikapitishwa kwa ndege ndogo za biashara. Kama rubani wako hakukuonyesha kitasa, mwambie akuonyeshe kabla hajawasha injini.