SOMO: Kusoma komiki za ulimwengu mmoja bila kupotea njia

Wakuu kwema? Kuna kilio kinajirudia kila wiki, mtu anasema kaanza kusoma Marvel au DC (zile kampuni mbili kubwa za komiki za Marekani) kwa hamu zote, kafika toleo la tatu anatokea jamaa kavaa kofia ya mabawa, kila mtu ndani ya hadithi anamjua na anamsalimia kwa jina, msomaji peke yake ndo mgeni. Anafunga, anaenda kuangalia muvi.

Leo ntaelekeza ninavyofanya mimi. Kwanza niwaudhi kidogo: acheni kutafuta orodha ya "kuanzia mwanzo kabisa". Haikusaidii, kwa sababu huu ulimwengu hakuna mtu aliyekaa akauchora ukakamilika, ni kama nyumba ya urithi, kila ndugu akija anaongeza chumba bila kumuuliza mwenzie na mwingine anaziba mlango ambao bado unatumika. Kazi yako wewe msomaji ni kujua umesimama chumba gani tu. Chukua daftari au noti za kwenye simu, kila hadithi unayoanza andika majibu ya hatua hizi.

Hatua ya 1: Mwenye mali ni nani?

Hii fupi. Wahusika wanaishi pamoja kwa sababu wanamilikiwa na kampuni moja, basi. Batman na Superman wana mmiliki mmoja, DC, Spider-Man ana mwingine, Marvel. Superman na Spider-Man walikutanishwa mwaka 1976 kwenye kitabu kimoja na hakuna anayeshangaa, wanaishi Marekani moja kana kwamba siku zote walikuwa wanapishana mtaani. Hadithi ya namna hiyo andika "pembeni" endelea na safari.

Hatua ya 2: Ni Dunia ipi?

Hapa ndo utamu ulipo. Mwaka 1956 DC walimleta Flash mpya (shujaa wa mbio kali), Barry Allen, kwenye Showcase namba 4, na kwenye hiyohiyo hadithi Barry anaonekana anasoma komiki ya Flash wa zamani, Jay Garrick. Yani kwake Jay ni mtu wa vitabuni. Sasa mwaka 1961, The Flash namba 123, Barry anavuka bila kutarajia anajikuta mji mwingine, anamtafuta Jay anamkuta mzima wa afya kashaoa na nywele zinaanza mvi. Mwandishi ni Gardner Fox, ambaye ndiye aliyemwandika Jay tangu 1940, na kajiweka mwenyewe ndani: Barry anaeleza kwamba kwao kuna mwandishi anaitwa Gardner Fox ambaye visa vya Jay alikuwa anaviota usingizini. Nikifika hapo huwa nacheka, mzee kajitetea kwa ndoto.

Ndo zikazaliwa Dunia-1 na Dunia-2, na angalia mtego: wazee waliotangulia ndo wakapewa namba mbili, vijana wakachukua moja. Marvel ulimwengu wao mkuu unaitwa 616, na ule wa Ultimate ulioanza mwaka 2000 ni 1610. Peter Parker wa 1610 alikufa, wa 616 hata mafua hakupata, kwa hiyo kabla hujaanza kulia cheki namba.

Hatua ya 3: Ni kabla au baada ya mstari?

Kampuni ikizidiwa na mafundo inachora mstari, inasema ya nyuma yamefutwa. Mstari mkubwa wa DC ni Crisis on Infinite Earths, matoleo 12, 1985 hadi 1986, Dunia zote zikachanganywa zikawa moja. Baadaye Zero Hour 1994, halafu 2011 wakaanza upya magazeti (yani mifululizo ya komiki) 52 kwa mpigo, halafu Rebirth 2016.

Mi nilikosea nikaanza na hiyo Crisis kabla ya kitu kingine chochote. Naona watu wanalia kila ukurasa, sijui wanamlilia nani.

Sasa elewa kwamba kufuta sio kazi ndogo. Mfano mmoja tuuangalie kwa karibu. Mwaka 1958 kilitokea kikundi cha vijana wa karne ya 30, Legion of Super-Heroes, wanarudi nyuma kumchukua Superboy, yani Superman akiwa kijana, ajiunge nao, na msingi wao wote ni kwamba huyo kijana ndo aliyewavutia. Baada ya Crisis, mwaka 1986 John Byrne akaandika upya maisha ya Superman, akaamua hajawahi kuvaa joho utotoni, kaanza kazi akiwa mtu mzima. Kwa upande wa Superman safi kabisa. Lakini gazeti la Legion bado linatoka kila mwezi! Wale vijana walikuwa wanatembea na nani miaka yote hiyo? Ikabidi mwaka 1987 watunge kwamba adui yao, Time Trapper, aliwatengenezea kiulimwengu kidogo pembeni chenye Superboy wake, kila wakirudi nyuma wanaangukia humo bila kujua, na huyo Superboy akafa palepale kwenye gazeti la Legion. Yani mtu mmoja kabadilishiwa utoto, watu wa miaka elfu moja mbele wakabaki hawana msingi. Ukiona hadithi ina maelezo marefu ya ajabuajabu, jua kuna mahali uzi ulivutwa, na ukiujua uzi wenyewe maelezo yanaanza kuingia akilini.

Hatua ya 4: Usihesabu miaka

Nakuomba sana. Tony Stark, yani Iron Man, 1963 alitekwa Vietnam. Angebaki na hiyo vita leo angekuwa mzee wa mkongojo, kwa hiyo miaka ya 2000 kisa kilihamishiwa Afghanistan, na mwaka 2019 Marvel wakatunga vita ya nchi isiyokuwepo, Siancong, ili isizeeke tena. Captain America yeye hana shida, alipigana Vita Kuu ya Pili kisha akalala kwenye barafu: aliokotwa kwenye Avengers namba 4 ya mwaka 1964, ila ukisoma leo unachukulia kaokotwa juzijuzi tu. Vita Kuu ya Pili haisogei, kinachorefuka ni usingizi.

Hatua ya 5: Soma visanduku

Vile visanduku vidogo chini ya picha, vyenye kinyota, mhariri anakwambia "hili lilitokea toleo namba fulani". Wengi wanavipita. Andika namba, usikimbilie kuitafuta, maliza kwanza ulichoshika, mara nyingi utagundua hukuihitaji. Amazing Spider-Man namba 1 ya 1963, Peter kafulia, anaingia kwa nguvu makao ya kikundi cha mashujaa, Fantastic Four, kuomba kazi, wanapigana kidogo, anauliza mshahara ni shilingi ngapi kwa lugha yetu, anaambiwa hapa hatulipani, anaondoka zake kwa hasira. Unahitaji historia gani hapo?

Karibuni maswali.

Swali: Mkuu shukrani, mimi nimekwama kwa Hawkman, kila ninaposoma ni mtu tofauti. Tatizo langu au lao?

Jibu: Lao, tulia. Mwaka 1989 ilitoka Hawkworld ikieleza upya alivyoanza, wasomaji wakaichukulia kama habari ya zamani. 1990 wakaiendeleza kama gazeti la kila mwezi na wakasema haya yanatokea SASA, Hawkman ndo kwanza anatua duniani. Kumbe baada ya Crisis kuna Hawkman keshaonekana sana tu akiwa na Justice League, kikundi cha mashujaa wa DC. Ikabidi yule waseme alikuwa jasusi anaitwa Fel Andar. 1994 wakawaunganisha akina Hawkman kuwa mtu mmoja na ndo ikawa mbaya zaidi. Kwa huyu ruka hatua ya 3, shika mwandishi mmoja umsome huyo tu.

Swali: Rom mbona alipotea ghafla Marvel, alikuwa rafiki wa kila mtu

Jibu: Rudi hatua ya 1. Rom alikuwa mwanasesere wa kampuni ya michezo, Marvel walikodi tu, gazeti likaenda kuanzia 1979 hadi 1986. Mkataba ukiisha mwenye mali anachukua chake, ila maadui zake, Dire Wraiths, walibuniwa na Marvel wakabaki. Ndo maana kwa miaka mingi ukasikia habari za vita dhidi yao na aliyeipigana hatajwi jina.

Swali: Na kama ni kosa la kawaida tu la mwandishi?

Jibu: Basi linageuzwa kuwa ukweli hahaha. Stan Lee, mwandishi wa Marvel, mwaka 1964 alisahau jina la Hulk, hadithi nzima akamwita Bob Banner badala ya Bruce. Wasomaji wakamvaa kwa barua, akajibu jina kamili ni Robert Bruce Banner, na hadi leo ndo jina lake. Baadaye msomaji akileta utetezi mzuri wa kosa alikuwa anatumiwa zawadi, anafungua bahasha haina kitu ndani, na watu walikuwa wanaipigania.

Swali: Muvi nazo zinahesabika humo?

Jibu: Hapana, zina Dunia yao. Vitabu vya Marvel viliipa namba 199999, ila kwenye muvi ya Doctor Strange ya 2022 Dunia hiyohiyo inaitwa 616. Wewe andika "muvi", usigombane na mtu.

Swali: Kwa hiyo Barry Allen kafa au hajafa? Si wanasema steringi hafi

Jibu: Alikufa, Crisis toleo la 8, 1985. Karudi 2008. Katikati aliyevaa nguo nyekundu ya Flash ni Wally West, kwa hiyo ukishika Flash yoyote ya miaka ya 90 usimtafute Barry humo, mara nyingi atatajwa kama marehemu.